Mu radio sheria ilishapita, ku kazi bado haijafika

Wengi wetu tunafikiri wabunge wakiisha kupiga kura, sheria imezaliwa. Kumbe njia iko ndefu, na mfanyakazi asiyeijua anafika kila mara wakati mlango umeshafungwa. Tuifuate njia hiyo kwa mfano wa sheria ya mine ya mwaka 2018.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2018, asubuhi, ndani ya bisi inayotupeleka kazini. Dereva alikuwa amefungua radio. Msemaji akatangaza kwamba nyumba zote mbili za Bunge zimepitisha sheria mpya ya mine. Bisi nzima ikapiga kelele. Kijana mmoja wa mekaniki, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akasimama: "Sasa batatuona! Sheria ilisha kupita, franka yetu iko mu njia!"

Saa ya kula, kijana huyo na wenzake watatu waliacha kazi, wakaenda ku biro ya personeli kuuliza ni tarehe gani mishahara itapanda. Wakajibiwa vibaya. Kesho yake kila mmoja alipewa demande d'explication kwa kosa la kuacha kazi bila ruhusa. Jioni kijana alikuja kwangu nyumbani, karatasi mkononi: "Muzee delege, mi nilikosea wapi? Radio haikusema ilipita?"

Nilitaka kumjibu, nikaona mimi mwenyewe sijui vizuri. Mimi si mwanasheria, nilisoma paka sekondari. Usiku ule niliazima Katiba kwa jirani yangu mwalimu, tukakaa nayo mezani mpaka mshumaa ukaisha. Tuliona kijana alikosea mara mbili. Kosa la kwanza: ile siku ya radio, sheria ilikuwa bado haijawa sheria. Kosa la pili: hata ilipokuja kuwa sheria, haikusema neno juu ya mshahara wake. Ilisema mambo mengine makubwa, ambayo yeye hakuyatafuta kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza wenzangu wa sendika njia hii, mlango kwa mlango. Leo ninawaandikia na ninyi, ndugu wasomaji.

Mlango wa kwanza: nani anaileta

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 130, inasema watu wa namna tatu wanaweza kuleta mpango wa sheria: serkali, mbunge yeyote, na seneta yeyote. Ukitoka kwa serkali, Wafaransa wanauita projet de loi. Lazima kwanza upite ndani ya baraza la mawaziri. Ukitoka kwa mbunge ao kwa seneta, unaitwa proposition de loi. Huo wa pili unapelekwa kwanza kwa serkali, ili iuone na kutoa maoni yake ndani ya siku 15. Siku hizo zikiisha, serkali ijibu isijibu, Bunge linaendelea na kazi.

Mpango unaweza kuwekwa ku biro ya nyumba yoyote kati ya mbili. Sheria ya budgeti peke yake inaanza lazima ku Assemblée nationale, na serkali inapaswa kuileta kabla ya tarehe 15 mwezi wa tisa kupita.

Maana ya hiyo kwetu ni nini? Ni kwamba si lazima tungojee waziri. Sendika ikiwa na jambo la maana, mbunge mmoja tu anatosha kulipeleka. Pengine halitafika mwisho, lakini linaweza kuanza.

Sheria ya mine ilitoka kwa serkali. Ile ya zamani ilikuwa ya tarehe 11 mwezi wa saba 2002, wakati inchi ilikuwa inatoka vitani na ilitaka kuvuta makampani kwa nguvu zote. Miaka kumi baadaye watu wakaanza kusema: makampani yamekuja, shaba inatoka, lakini Leta anabaki na kidogo. Mazungumzo yakaanza kati ya serkali, makampani na mashirika ya raia. Mwaka 2015 mpango ulifika ndani ya Bunge. Mwaka 2016 serkali ikausimamisha, bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Mwaka 2017, bei ilipopanda tena, mpango ukarudi. Wenzetu wengi walifikiri mambo hayo yalianza na kuisha mu wiki moja, kumbe yalikuwa yanatembea miaka mitano, wakati sisi tunapita kila siku mbele ya jumba la baraza la jimbo bila kuuliza.

Mlango wa pili: tume, pahali kazi inafanyika

Mpango ukifika ndani ya nyumba ya kwanza, unaelezwa mbele ya wote na kujadiliwa kwa jumla. Hapo njo tunawaona wabunge ku televizyo, wamevaa koti na kravati, wanasema kwa sauti kubwa. Lakini kazi yenyewe haifanyike pale. Mpango unatumwa ndani ya tume, ile wanaita commission, kundi dogo la wabunge wanaokaa na karatasi na kupitia kifungu kwa kifungu. Wanaweza kuita watu wa kuwaeleza: mawaziri, wataalamu, makampani, na sendika pia. Mbunge, seneta na serkali wote wako na haki ya kuomba marekebisho.

Tume ikiisha inaandika raporo, inairudisha ku kikao cha wote. Hapo vifungu vinapigiwa kura, kisha sheria nzima. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kura ya mwisho juu ya sheria nzima, Katiba inasema kila mbunge anaitwa kwa jina lake na anajibu kwa sauti kubwa. Basi mbunge wako hawezi kujificha. Akirudi hapa kwetu kukuomba kura, uko na haki ya kumuuliza: "Siku ile balikuita jina, ulijibu nini? Ao haukukuwa mule?" Kwa sababu pasipo zaidi ya nusu ya wabunge kuwa ndani ya chumba, kikao hakina nguvu. Assemblée nationale iko na wabunge 500. Fanya hesabu, 251 lazima wawe mule.

Sheria ya mine ilipita ku Assemblée nationale mwezi wa 12, mwaka 2017. Wakati tume inafanya kazi, makampani yalikuwa na wanasheria wao Kinshasa, na karatasi zinazosema: kifungu hiki kinatuumiza, badala yake andikeni hivi. Sitawalaumu. Walijua mlango uko wapi, wakaupiga.

Sisi je? Nitasema ya kwetu. Tulikuwa tumeandika mukanda wa kurasa tisa. Kurasa saba zilikuwa za kulia: kazi iko nguvu, vumbi inaingia mu kifua, bosi hatusikilizi. Yote ni kweli. Lakini hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema: kifungu namba fulani kibadilishwe, kiandikwe hivi. Tulienda kumpa mbunge mmoja alipokuwa amekuja ku mapumziko. Alituheshimu, alitupa viti na soda. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunga. "Ba baba, munachelewa. Sisi kule tulisha kupiga kura. Sasa maneno iko ku Sénat. Na hata mungelikuja mbele, hapa muliniandikia taabu, hamukuniandikia sheria."

Neno hilo liliniuma, lakini lilinifundisha kuliko semina zote nilizofanya.

Mlango wa tatu: nyumba ya pili

Watu wanauliza kila mara: kwa nini nyumba mbili? Moja haitoshi? Hawa wote si wanakula mshahara wa Leta?

Jibu la Katiba ni hili. Wabunge 500 wa Assemblée nationale tunawachagua sisi wenyewe, kila mtu na karatasi yake ya kura. Wanabeba sauti ya watu. Maseneta hawachaguliwi na sisi moja kwa moja. Wanachaguliwa na wabunge wa majimbo, ndani ya baraza la kila jimbo. Wanabeba sauti ya majimbo. Kila jimbo liko na maseneta wanne, Kinshasa iko na wanane. Kwa hiyo Lualaba yenye shaba na kobalti, na jimbo lingine lisilo na mine hata moja, ku Sénat wanalingana: wanne kwa wanne. Ku Assemblée nationale haiko vile, kwa sababu viti vinafuata hesabu ya watu.

Jambo kubwa ni kwamba nyumba ya pili haiko ya kupiga muhuri tu. Katiba, katika kifungu cha 135, inataka nyumba zote mbili zipitishe maandishi yaleyale, neno kwa neno. Sénat ikibadilisha hata asilimia moja, kuna tofauti, na tofauti lazima itengenezwe.

Inatengenezwa namna gani? Biro za nyumba mbili zinaweka tume ya pamoja, inayoitwa commission mixte paritaire. Idadi sawa kutoka kila upande. Wanaangalia paka vifungu ambavyo hawasikilizani juu yake, wanatafuta maandishi moja. Kisha maandishi hayo yanarudi ku nyumba zote mbili kupigiwa kura. Kama tume inashindwa, ao kama nyumba moja inakataa, Assemblée nationale inasema neno la mwisho. Inaweza kuchukua kazi ya tume ya pamoja, ao maandishi yake yenyewe ya mwisho, pamoja na marekebisho ya Sénat kama inataka.

Kwa sheria ya mine, mwezi wa 12 kikao cha kawaida kilikuwa kinaisha. Sénat iliifanyia kazi mwezi wa kwanza 2018, katika kikao kisicho cha kawaida. Maandishi hayakulingana, tume ya pamoja ikakaa, na mwisho wa mwezi nyumba zote mbili zikapiga kura. Njo ile habari tuliyoisikia ndani ya bisi.

Somo kwa sendika: msimamo wako ukikataliwa ku nyumba ya kwanza, usirudi nyumbani kulala. Iko nyumba ya pili. Na mlango wa seneta hauko Kinshasa peke yake. Aliyemchagua ni mbunge wa jimbo, anayekaa hapa Lubumbashi ao Kolwezi, na ambaye unaweza kumkuta hata Jumapili ku misa. Mwambie yeye, amwambie seneta wake.

Mlango wa ine: meza ya Rais

Hapa njo kijana wangu wa mekaniki alianguka. Kura ya mwisho ikiisha, sheria inatumwa kwa Rais wa Jamhuri ndani ya siku 6. Kutoka siku aliyoipokea, Rais iko na siku 15. Anaweza kutia sahihi na kuitangaza. Anaweza pia kuirudisha ku Bunge, yote ao vifungu fulani, waiangalie tena. Bunge haliwezi kukataa kuiangalia. Lakini likiipitisha mara ya pili kwa zaidi ya nusu ya wote walio wanamemba wa kila nyumba, imepita.

Kuna tena njia ya Cour constitutionnelle, korti inayochunga Katiba. Rais, waziri mkuu, mkubwa wa kila nyumba, ao sehemu moja ya kumi ya wabunge ao ya maseneta, wanaweza kuiuliza korti kama sheria inapingana na Katiba. Kwa Assemblée nationale sehemu moja ya kumi ni watu 50. Kundi la wachache linaweza kusimamisha jambo, kama linajua tarehe.

Na Rais akinyamaza, hakutia sahihi wala hakurudisha? Katiba inasema siku zikipita, sheria inahesabiwa kama imetangazwa. Hawezi kuificha mu tiruwari.

Sasa angalieni mwaka 2018. Kati ya kura ya mwisho wa mwezi wa kwanza na sahihi ya Rais Joseph Kabila, zaidi ya wiki tano zilipita. Makampani makubwa hayakupenda sheria ile, na sababu zao zilikuwa wazi. Kodi ya kutoa shaba ilipanda kutoka asilimia 2 mpaka 3,5. Madini yatakayoitwa ya maana sana kwa inchi, substances stratégiques, yatalipa asilimia 10. Sehemu ambayo Leta anapata bure ndani ya kampani ilitoka asilimia 5 ikafika 10. Na ile ahadi ya zamani ya kwamba sheria haitamgusa mwenye mine kwa miaka 10, ilipunguzwa kuwa miaka 5.

Tarehe 7 mwezi wa tatu, wakubwa wenyewe wa makampani walikuja Kinshasa kwa ndege na kukaa na Rais saa nyingi. Si wajumbe, wenyewe. Walijua kwamba kabla ya sahihi, sheria bado ni mpango, na mpango unaweza kurudishwa. Siku mbili baadaye, tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, Rais alitia sahihi. Ikawa Sheria namba 18/001.

Wiki tano zile zote, mimi na wenzangu tulikuwa tumeisha kusherehekea. Wale walioshindwa ku kura waliendelea kupiga mlango, sisi tuliofikiri tumeshinda tulikuwa tumelala.

Mlango wa tano: gazeti la Leta, kisha dekre

Sheria ikitiwa sahihi inapigwa muhuri wa Leta na kuchapwa ndani ya Journal officiel, gazeti la Leta. Kwa kawaida inaanza kazi siku 30 baada ya kuchapwa, isipokuwa yenyewe inasema vingine. Ile ya mine ilisema inaanza siku ya kutangazwa.

Lakini hata pale, si kila kitu kinaanza. Sheria nyingi zinasema: jambo hili litaelezwa na dekre. Mchukue kobalti. Sheria ya mwezi wa tatu ilisema madini ya maana sana yatalipa asilimia 10, lakini haikutaja majina yao, iliachia waziri mkuu. Dekre kubwa ya kueleza sheria, règlement minier, ilitoka tarehe 8 mwezi wa sita 2018. Ile iliyotaja kobalti ilitoka tarehe 24 mwezi wa 11. Kati ya kura tuliyoisikia ndani ya bisi na ile asilimia 10 ya kobalti, miezi kumi ilipita. Mtu asiyefuata dekre anafikiri alidanganywa, kumbe aliacha kufuata katikati ya njia.

Mlango wa sita: lugha yetu

Mlango huu njo uliofanya niandike. Kifungu cha 142 cha Katiba, ambacho watu wanakisoma kwa sababu ya zile siku 30, kiko na mstari wa pili. Kinasema kwamba kwa kila sheria, serkali inahakikisha inasambazwa kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha ine za taifa, ndani ya siku 60 kutoka siku ya kutangazwa. Lugha ine hizo ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba.

Siku 60. Kwa sheria ya mine, hesabu hiyo inatufikisha mwezi wa tano 2018. Mimi, katika miaka yangu yote ya kuwa delege, ninaweza kuhesabu ku kidole kimoja watu wa kazi niliowaona na sheria hiyo mkononi, na ilikuwa ya Kifaransa, fotokopi ya fotokopi. Ya Kiswahili sijaishika mpaka leo.

Mtu atasema: hiyo ni kitu kidogo. Si kidogo. Angalieni kile kilichomo ndani. Kifungu cha 242 kinagawanya kodi ya kutoa madini hivi: asilimia 50 kwa Leta wa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta ao shefferi pahali madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Zile 25 na zile 15 kampani inalipa moja kwa moja ku konti ya jimbo na ya pahali penyewe. Tena, kila kampani inapaswa kuweka kwa uchache asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mine, na kuandikiana nao cahier des charges, yaani daftari ya ahadi: masomo, maji, barabara, dispanseri.

Siku moja nilieleza hesabu hiyo ku mkutano wa mtaa, chini ya mti wa manga. Mama mmoja anayeuza makala aliinua mkono. "Baba, unasema 15 ku mia inakuja hapa kwetu, kila mara kampani inauzisha?" Nikamjibu ndiyo, sheria inasema vile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mi nitaenda kuuliza burgumestre barabara yangu iko wapi. Mbele nilikuwa naomba, kumbe nitakuwa naulizia yangu."

Mama huyo hakusoma Kifaransa. Kama asingalisikia kwa Kiswahili, angalibaki anaomba. Ile tofauti kati ya kuomba na kuulizia cha kwako, njo kazi ya mstari wa pili wa kifungu cha 142.

Tufanye nini?

Ninaona mambo ine ambayo sendika, kamati za mitaa, na hata mtu mmoja mmoja wanaweza kufanya.

La kwanza, kushika kalenda. Bunge liko na vikao viwili vya kawaida kwa mwaka: kutoka tarehe 15 mwezi wa tatu mpaka tarehe 15 mwezi wa sita, na kutoka tarehe 15 mwezi wa tisa mpaka tarehe 15 mwezi wa 12. Katikati, wabunge wanarudi kwetu ku mapumziko. Wakati wa kumpa mbunge mukanda ni mbele ya kikao, wala si kisha kura. Andika tarehe hizo ine ku ukuta wa biro ya sendika.

La pili, kuandika kama watu wa sheria. Ukurasa moja unatosha: kifungu gani, kinasema nini leo, tunataka kiseme nini, kwa sababu gani. Taabu zetu ziwe mistari mitano, pendekezo letu liwe mistari kumi. Tukiwa na mwanasheria sawa, tusipokuwa naye tuandike vilevile.

La tatu, kutumia kifungu cha 27 cha Katiba. Kinampa kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, haki ya kutuma petisyo kwa mkubwa wa Leta, na mkubwa huyo anapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena kinasema hakuna mtu anayeweza kuteswa ao kushitakiwa kwa kufanya vile. Haki hii haina gharama, ni karatasi na sahihi tu. Petisyo ya kwanza ninayoitaka mimi iko ya mstari mmoja: tupeni sheria ya mine kwa Kiswahili, kama Katiba ilivyosema.

La ine, tusisherehekee mbele ya wakati. Mtu akikwambia sheria imepita, muulize: imepita wapi? Nyumba moja ao mbili? Rais ametia sahihi? Iko mu Journal officiel, namba gani, tarehe gani? Dekre yake imetoka? Ukiisha kupata majibu hayo, hapo uende ku biro ya bosi, na nakala mkononi, saa ya mapumziko, pamoja na delege wako.

Yule kijana wa mekaniki tulimsaidia kujibu ile demande d'explication. Tuliandika kwa heshima kwamba alidanganywa na haraka, si na ubaya. Alipewa lawama ya maandishi, kazi haikupotea. Mwaka ule mwingine alisimama ku uchaguzi wa madelege, akachaguliwa. Juzi tulikuwa ku mkutano, mwenzetu mmoja akaingia mbio na simu mkononi: "Balisha kupitisha sheria ingine ya kazi! Nimeona sasa hivi!" Watu wakaanza kupiga makofi. Kijana wangu hakupiga. Alitoa kalamu, akafungua kaye yake, akauliza pole pole:

"Nyumba gani, kaka? Na namba yake?"